Chumba Alichotuahidi Msemaji

Mjukuu wangu anaishi Kanada, na mwaka aliopiga kura kwa mara ya kwanza alinipigia simu amefura. Chama alichokipa kura yake kilikuwa kimeahidi kwamba kodi za nyumba zitashuka na vijana watapata pa kukaa. Kilishinda, kikaingia madarakani, na sasa mawaziri wake wanasema hali hairuhusu. "Bibi, wametudanganya mchana kweupe," akaniambia. Nikamwuliza, "Mmefanya nini?" Akasema watu wanalalamika sana. Nikamwuliza tena, "Mmefanya nini?" Nikamwambia hasira ni haki yake na asikubali mtu ampoze, lakini hasira ya kukaa nayo kitini haijamtisha mwanasiasa hata mmoja. Halafu nikamsimulia uchaguzi wangu mimi, uliofanyika Maskati kabla mama yake hajazaliwa, bila ya sanduku wala karatasi ya kura, na ambao nusura unipeleke kuolewa Quriyati.

Tulitoka Unguja mwaka 1964, baada ya mambo ambayo sina haja ya kuyarudia hapa. Wakati ule waliokubaliwa kuingia Oman walikuwa wachache, na sisi tuliingia kwa sababu baba alikuwa na ami yake aliyemdhamini. Nilikuwa na miaka kumi na nne. Darasani kwetu nilikuwa wa pili, na nilikuwa nimebakisha mwaka mmoja tu kufanya mtihani wa kwenda sekondari. Nilipofika Maskati nikauliza shule ya wasichana iko wapi, watu wakanitazama tu. Shule zilikuwa za wavulana, nazo chache mno. Msichana alisoma Kurani kwa mwalimu wa mtaani, akikhitimu anakaa nyumbani kungoja kuposwa.

Tulipanga Matrah, bandari iliyopakana na Maskati, nyuma ya soko, katika kichochoro kilichokuwa na familia kadhaa za kutoka Unguja na Pemba. Nyumba zenyewe zilikuwa finyu, watu tele, na kiangazi tulilala juu ya dari na mashuka yaliyotiwa maji. Baba, aliyekuwa karani wa forodhani, sasa alikuwa akipima vitambaa katika duka la mtu. Alikuwa ameacha kusema mbele za watu. Kule tulikotoka aliona neno moja lilivyoweza kumtoa mtu roho, na Maskati ya siku zile nayo haikuwa mahala pa kufungua mdomo ovyo. Nyumbani alizungumza kidogo, nje hakuzungumza kabisa. Mama yangu alikuwa kinyume chake, na nashukuru nimerithi kwake.

Katika mwaka wetu wa pili ikaja posa. Alikuwa mtu wa Quriyati, mwenye mashamba ya mitende, mwenye mke tayari na watoto wakubwa kuliko mimi. Hakuwa mtu mbaya kwa nilivyosikia. Wala baba hakuwa na tamaa ya mali yake. Tatizo la baba lilikuwa kwamba nilikuwa nimekaa tu, naye aliona binti aliyekaa tu bila shule wala kazi ni mzigo wa maneno ya watu. Nililia, nikasusa kula, nikamwambia mama kwamba nataka kusoma na sitaki kitu chengine duniani. Mama akaniambia nile kwanza, kwa sababu mtu mwenye njaa hana nguvu za kugombana.

Ndipo ulipokuja huo uchaguzi. Kwa liwali walikuwa wamechoka na sisi, kila siku mtu wa kichochoro chetu kaja na shida yake na Kiarabu chake cha kubabaisha. Wakatwambia tuchague mtu mmoja awe msemaji wetu. Wagombea wakawa wawili. Wa kwanza alikuwa fundi kanzu, mtu wa watu, ambaye alipoulizwa atafanya nini akijaliwa alijibu, "Mie sina la kuahidi. Mtakalontuma ntakwenda kulisema." Huyo alipata sauti ya shemeji yake tu, na nadhani hata shemeji alisitasita.

Wa pili alikuwa mzaliwa wa bara ya Oman aliyeishi Unguja miaka mingi, akafanya biashara, akarudi kabla yetu sote. Alikuwa na nyumba yake mwenyewe, na ndani yake sabla, yaani ukumbi wa wanaume wa kupokelea wageni, na uani chumba kikubwa kitupu chenye mlango wake peke yake. Kiarabu chake cha kwao na Kiswahili chake cha Ng'ambo ya Unguja. Sisi watoto tulimwita ami, na sauti yake ilikuwa tamu kiasi kwamba hata alipokuwa akikuomba maji uliona kakupa zawadi. Wanaume akawaalika kwa kahawa na halua. Kila nyumba akajua inataka nini, na kila nyumba akaiahidi hicho hicho inachokitaka.

Kwetu alikuja alasiri moja, akasimama mlangoni kwa adabu, mama yupo nyuma ya pazia na mimi nyuma ya mama. Baba alikuwa amekaa ukumbini, anasikiliza.

"Dada yangu," akasema, "nasikia mna mabinti walokuwa wakisoma wakakatizwa. Nnacho chumba cha uani. Nikipewa dhamana hii, mabinti watasoma mle. Sitaki ruhusa ya mtu, chumba changu, mlango wangu."

"Na mwalimu?" mama akauliza.

"Mwalimu si mnaye hapa hapa?"

Kweli tulikuwa naye. Jirani yetu mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya wasichana Unguja, mwanamke mrefu mkavu wa maneno, na kila mmoja wetu alimwita Mwalimu tu. Alikuwa tayari kutufundisha hata bure. Lakini yeye na mumewe na mkwewe mgonjwa walikaa chumba kimoja, na nyumba zetu zote zilikuwa hivyo hivyo. Tena wakati ule kukusanya wasichana na vitabu visivyokuwa vya dini kulitia watu wasiwasi. Tulihitaji nafasi, na tulihitaji iwe katika nyumba ya mtu anayeheshimiwa, ili akija mtu kuuliza, ajibiwe na mwenye nyumba. Huyu bwana alikuwa na vyote viwili, na ndiyo maana ahadi yake ilikuwa na uzito. Hakuahidi mvua. Aliahidi kitu kilichokuwa mkononi mwake.

Mama akavaa buibui akaanza kampeni. Sina neno jengine la kuiita. Aliingia nyumba hadi nyumba, akakaa na wanawake jikoni, akawachambulia mchele huku akiwaeleza, na wanawake wakawaeleza waume zao usiku. Mtu anayedhani wanawake wa kichochoro kile hawakupiga kura hajawahi kuwaona. Ijumaa baada ya sala wanaume wakakutana, kila mkuu wa nyumba akasema anayemtaka, na yule bwana akapita bila ya taabu. Jioni ile baba akaniita.

"Darasa likifunguliwa utasoma," akasema, "na wa Quriyati ntawambia wasubiri. Lisipofunguliwa, ntawapa jibu. Nshasema."

Nilibusu mkono wake. Nilimwamini msemaji kabisa, nikaanza hata kujikumbusha hesabu za sehemu kwa mkaa juu ya ukuta wa dari.

Kwanza alisema tungoje chumba kipakwe chokaa. Kisha akasema Ramadhani imekaribia, si wakati wake. Ramadhani ikapita, akasema anasikilizia upepo kwa liwali, ingawa mwanzo alitwambia hataki ruhusa ya mtu. Kila mara mama alipotuma salamu, alijibiwa inshallah. Sisi tuliotoka Unguja tulizoea inshallah yenye nia ndani yake. Hii yake ilikuwa ya kufungia mlango, na mama alikuwa wa kwanza kuitambua.

Asubuhi moja punda wakaingia kichochoroni wamebeba magunia. Tukapanda dari kutazama. Magunia yakateremshwa kwa msemaji, moja baada ya moja, yakaingizwa chumba cha uani mpaka mlango ukawa haufungiki sawasawa. Yalikuwa ya ndimu kavu. Alikuwa amempangisha mfanyabiashara mmoja wa soko, na chumba chetu sasa kilikuwa ghala. Harufu ilijaa mtaa mzima. Nilikaa chini pale juu ya dari nikashindwa hata kulia, kwa sababu nilijua jibu la baba linakwenda wapi. Mama akamtumia mtu kuuliza. Msemaji akajibu kwa upole wake ule ule kwamba hali imebadilika.

Mama akamng'ang'ania baba, na baba kwa shida akakubali kwenda pamoja na wanaume wengine wanne, fundi kanzu akiwa mmojawapo. Walikwenda baada ya sala ya alasiri. Walirudi mapema, nyuso zimewashuka.

"Alisemaje?" mama akauliza.

"Katukaribisha vizuri. Kaleta halua, kaleta kahawa. Tulipokwisha kunywa nikamweleza haja."

"Enhe."

"Kasema, ndugu zangu, mshakunywa kahawa yangu, baina yetu pana amani, si vizuri kuanzisha magomvi baada ya kahawa. Wageni wengine walokuwepo wakatikisa vichwa, wakamwona ana haki. Basi tukaondoka." Baba akavua kofia akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi. "Shauri limekwisha. Watu wa Quriyati wakija ntawajibu."

Mama hakuelewa, wala mimi. Kwetu Unguja kahawa ilikuwa kahawa. Muuza kahawa alipita akigonga vikombe vyake, ukanunua, ukanywa, na kilichofuata baada ya kikombe ndiyo hasa ugomvi: siasa, mpira, nani kamdhulumu nani shamba. Kunywa kulikuwa mwanzo wa kusema. Vipi mtu akafungwa mdomo na kikombe? Mama alizunguka ukumbini akisema peke yake, nami nikamsikia akimtukana msemaji tusi ambalo sikujua kama analijua.

Aliyetufungua macho alikuwa mke wa msemaji. Hakuwahi kufika Unguja huyu, alikuwa mtu wa bara ya Oman moja kwa moja, na Kiswahili chake alijifunza kwa mumewe. Tulikuwa tukimsalimu tu kwa mbali. Siku ya pili akaja adhuhuri kwa mlango wa uani, watu wakiwa wamelala, amebeba sahani ya mkate na asali. Alikaa chini, akafunua uso, akamwambia mama bila ya kuzunguka:

"Ukhti, wanaume zenu wamekosea. Wamekunywa."

"Ulitaka wafanye nini? Mtu kakupa kahawa."

"Kwetu mwenye haja hanywi. Anapokea finjani, anaiweka chini mbele yake, anakaa kimya. Mwenye nyumba akiona finjani imesimama, lazima aulize, haja yako nini? Na watu wote wanatazama. Asipoitimiza ni aibu kwake, itafika mpaka kwao bara. Akiitimiza, ndiyo mgeni anakunywa. Wenu wamekunywa kwanza. Maana yake wameridhika, hawana haja."

Mama akamwuliza, "Na kwa nini unanambia mie haya? Yule mumeo."

"Nna binti," akasema yule mwanamke. "Na yeye aliahidiwa. Kila siku ananuliza, mama, ndimu zitatoka lini?" Kisha akaongeza kwamba Alkhamisi watakuja wageni wakubwa wa kabila la mumewe, na kwamba mwanamke mwenye haja hafungiwi mlango wa sabla, hata kama watu watanuna. Mama akamwuliza je, yeye haogopi. Akajibu kwamba yeye kazi yake kupika kahawa, na siku hiyo ataipika nyingi.

Mama alichagua wanawake wawili wa kichochoroni, pamoja na Mwalimu na mimi. Baba hakuambiwa. Alkhamisi alasiri tulivaa mabuibui tukatoka kwa njia ya mbele, tukapita mbele ya baraza za wanaume, tukaingia sabla kwa mlango wao. Wageni walikuwa wamekaa kwenye mikeka kwa kuegemea ukuta, majambia viunoni. Katikati yao alikuwepo mzee mmoja wa ndevu nyeupe ambaye ilikuwa wazi ndiye mkubwa wao. Yule mfanyabiashara wa ndimu naye alikuwepo. Msemaji alinyanyuka nusu, akakaa, akanyanyuka tena. Mbele ya wakubwa wa kabila lake hakuweza kufukuza waliotoa salamu mlangoni mwake.

Tukakaa upande wa chini. Msemaji alichukua mwenyewe mdila, birika la kahawa, kwa kutuonyesha heshima au kwa kutaka tunywe haraka tuondoke. Akampa mama finjani. Mama akaipokea kwa mkono wa kulia, akaiweka juu ya mkeka mbele yake. Mwalimu akafanya vivyo hivyo, na wale wawili, na mimi. Msemaji alibaki ameshika mdila. Uso wake ulibadilika pale pale, alijua tumejua.

"Kunyweni," akasema kwa Kiswahili, taratibu.

Mama akamjibu kwa Kiarabu, kile Kiarabu chake cha kukatika-katika, ili wageni wote wasikie. "Tuna haja."

Yule mzee akateremsha finjani yake kutoka mdomoni. Wengine nao wakaacha kunywa. Mama akaeleza yote, alivyosimama mlangoni kwetu, maneno aliyoyasema, wanaume walivyompa dhamana kwa maneno hayo, na magunia yaliyofuata. Kiarabu kilipomshinda Mwalimu akamalizia. Mimi nilitazama finjani yangu tu, nikawaza kwamba maisha yangu yote yamekaa juu ya mkeka huu wanaume hawa wakiyaangalia, na hilo lilinikasirisha kuliko nilivyoogopa.

Msemaji akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye kutafuta njia. "Haja yenu imekubaliwa," akasema. "Chumba chenu. Kunyweni."

Mmoja wa wale wanawake akanyoosha mkono kwenye finjani. Mama akaukamata.

"Tutakunywa kikiwa kitupu," akasema.

Mzee wa ndevu nyeupe akaingilia, si kwa ubaya. Akasema hivyo sivyo, mwenye nyumba akishasema haja imekubaliwa, mgeni hunywa, hiyo ndiyo desturi, mtu huaminiwa kwa neno lake.

"Baba yangu," mama akamwambia, "akisema mara ya kwanza huaminiwa. Huyu anasema mara ya pili."

Kisha yule mzee akaweka finjani yake chini, mbele yake, ina kahawa ndani. Wengine wakamtazama, na mmoja mmoja nao wakaweka zao. Msemaji alikuwa na sabla nzima ya vikombe vilivyosimama. Akamgeukia mfanyabiashara wa ndimu, na mfanyabiashara akaanza kulalamika kwamba ametoa kodi, bidhaa zake ataziweka wapi. Mama alikuwa ameshasimama. Tulitoka kwa mlango wa ndani, tukakuta mke wa msemaji ameshafungua chumba na binti yake ameshaburuta gunia la kwanza. Tukayatoa yote wenyewe, wanawake na wasichana, na wengine wa kichochoroni wakaja waliposikia vishindo. Tuliyapanga uani kwa msemaji, mbele ya mlango wa jiko lake, mahala ambapo hangeweza kupita bila ya kuyakanyaga. Vumbi la ndimu lilituwasha macho na makoo. Sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama ile.

Baba alitukuta nyumbani tumechafuka. Alikuwa ameshaambiwa sokoni, mara tatu nadhani, na kila mara kwa kutiwa chumvi.

"Umeingia sabla ya wanaume," akamwambia mama.

"Nimeingia kudai changu. Weye uliingia kunywa."

Ilikuwa kauli kali, na mama mwenyewe aliona imemwuma. Baba alikwenda kuoga, akaswali, akala. Watu wa Quriyati walipokuja akawaambia mwanawe anasoma, na walipouliza anasoma wapi, akawaambia kwa sauti ya chini, mtaani. Hilo nililisikia kwa masikio yangu, nyuma ya pazia.

Nilisoma mle chumbani miaka minne. Mwalimu alifundisha kwa vitabu vitatu vilivyofichwa ndani ya magunia ya nguo tangu Unguja, na ubao uliotengenezwa kwa mlango wa kabati. Nilipomaliza alichojua, akanipa wadogo niwafundishe. Ndimu hazikutoka kabisa, harufu ilibaki kwenye kuta, na mtoto akipiga chafya tulijua amekaa karibu na pembe ya kaskazini. Msemaji hakutuudhi tena. Wala hakutusaidia. Alipotakiwa kununua mkeka alisema ataangalia, na mkeka tukaununua wenyewe. Lakini nikaanza kusikia, kidogo kidogo, kwa wageni wake, kwamba yeye ndiye aliyewafungulia mabinti darasa. Wanaume wa kichochoro walisikia pia na hawakusema kitu. Walimwacha na cheo chake. Fundi kanzu tu ndiye aliyekuwa akikohoa kila hadithi hiyo ilipotajwa.

Kisha ukaja mwaka 1970. Mtawala mpya akaingia, milango ya mji iliyokuwa ikifungwa usiku ikaachwa wazi, redio zikasikika madirishani, na watu waliokuwa wakinong'ona wakaanza kusema kwa sauti ya kawaida. Ikatangazwa kwamba shule zitafunguliwa, za wasichana pia. Nilikuwa na miaka ishirini. Siku moja maofisa wawili wa elimu wakaja Matrah kutafuta wanawake wanaojua kufundisha, na mkutano ukafanywa wapi tena, kwa msemaji. Kahawa, halua, na kilemba kipya kichwani. Safari hii wanawake tulialikwa. Tulikaa nyuma na wanafunzi wetu.

Msemaji akasimama akahutubia. Alisema zile siku za giza, watu walipokuwa wakiogopa hata kushika kitabu, yeye alitoa chumba katika nyumba yake akafungua darasa la mabinti, na haya ndiyo matunda yake, akatuonyesha kwa mkono. Wale maofisa walifurahi. Mmoja akasema mtu kama huyu ndiye anayefaa kuwa msimamizi wa shule ya wasichana ya mtaa, na mwenzake akaitikia. Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa ameinamisha kichwa, amezeeka mapema, hana nguvu za kugombana tena. Mama alikuwa mgonjwa nyumbani.

Nikasimama.

"Hakulifungua yeye," nikasema kwa Kiarabu, ambacho sasa kilikuwa kizuri. "Aliahidi chumba ili achaguliwe. Alipochaguliwa akakipangisha ndimu. Mama zetu walikichukua kwake."

"Mwanangu," msemaji akasema kwa sauti yake tamu, "haya si mahala pake. Leo siku ya furaha."

"Ni mahala pake, ami. Hapa ndipo yalipotokea."

Ofisa mmoja akanyoosha mikono kutupoza. Akasema nani alifungua si muhimu, muhimu ni kwamba darasa lilikuwepo, tusameheane, tutazame mbele. Watu wakapumua. Ilikuwa rahisi mno kukubali.

"Kwangu muhimu," nikasema. "Kwa sababu sasa mnampa shule nzima kwa jambo ambalo hakulifanya. Mkimpa yeye, mie sifundishi."

Nilitaka kufundisha kuliko nilivyotaka kitu chochote. Nilijua ninachokitupa. Ofisa akauliza kama kuna anayeshuhudia ninayoyasema, na akawaangalia wanaume, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Wanaume wa kichochoro wakatazama mikeka. Fundi kanzu alikuwa ameshakufa mwaka ule. Msemaji akaanza kutabasamu.

Baba alikuwa amekaa karibu na mlango. Alinyanyuka kwa shida, magoti yalikuwa yanamsumbua, na kwa muda nilidhani anaondoka kwa aibu.

"Huyu binti yangu," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo mbele za watu tangu tushuke chomboni, "na anasema kweli. Yote."

Msemaji akamgeukia, na ule utamu ukamtoka. "Hata weye?"

"Hata mie," baba akasema, "na nimechelewa."

Shule hawakumpa.